Sauti iliyotoka kwenye king'ora cha mafuriko Woolwich ilikuwa yangu

Jumanne ya pili ya mwezi Machi, 2006, saa tisa na dakika ishirini alasiri.

Hapo ndipo ilipoanzia. Nina hakika mpaka na dakika kwa sababu nina daftari, naandika kila siku, na siku ile niliandika nikiwa bado kwenye basi.

Wakuu, wakubwa kwangu shikamooni, wa rika langu mambo vipi. Nimekuwa msomaji tu humu mwaka mzima, sijawahi kuandika hata mstari mmoja. Mimi ni mtu wa aibu, tena ile aibu ya kijinga, mtu akiniuliza jina langu nalitaja kama naomba msamaha.

Lakini hili limenikaa kifuani muda mrefu. Sitaongeza chumvi. Na sehemu zinazonivua nguo mimi mwenyewe sitaziruka, maana hizo ndizo zilizonileta humu.

Niiteni Neema. Nilizaliwa Morogoro, nikaja London nina miaka tisa, tunaishi Woolwich mimi na mama. Mama anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wakati haya yanatokea nilikuwa na miaka kumi na tano, niko Year 10.

Estate yetu, yaani mtaa wa maghorofa tunamoishi, iko karibu sana na mto. Ukisimama kwenye balcony yetu ghorofa ya tatu unauona, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Manispaa waliamua kutufungia king'ora kipya cha kuonya mafuriko. Na kwa kuwa wakazi wengi pale hawajui Kiingereza, wakasema kikishalia, yatafuata maneno: Kiingereza, Kisomali, Kivietinamu na Kiswahili.

Sasa hiyo Jumanne, kengele ya mwisho imeshalia, natoka zangu, mwalimu wetu wa darasa akaniita. Alikuwa na mama mmoja mzungu wa manispaa, anaitwa Carol, ana mafaili kifuani. Akasema wanatafuta sauti ya Kiswahili. Inayosikika vizuri, ya kike, isiyotisha watu.

Nilitaka kusema hapana.

Nikasema yes.

Wakuu, likumbukeni hilo neno. Mimi hapana hainitoki mdomoni. Nikiulizwa kitu na mtu mzima, ndiyo inatoka yenyewe kama kikohozi.

Carol akanipa karatasi ya Kiingereza nitafsiri. Ilikuwa mistari minne, ya siku ya kukijaribu king'ora. Onyo la mafuriko. Pandeni ghorofa za juu mara moja. Msiende mtoni. Hili ni jaribio tu. Akanieleza kwamba kila lugha ina sekunde ishirini, mashine inakata yenyewe, haibembelezi mtu.

Nilitafsiri jioni ile ile mezani, dakika kumi nimemaliza. Nikasoma huku naangalia saa ya ukutani. Sekunde kumi na mbili. Nikajisikia raha, nikaandika kwenye daftari, "Leo nimefanya kitu kizuri na hakuna aliyeniona." Kwangu mimi hiyo ndiyo siku nzuri.

Kosa likaanza mama aliporudi kutoka kazini.

Alifurahi sana. Mama yangu kufurahi ni kupiga simu. Alimpigia Mwenyekiti wa umoja wetu. Nieleze kidogo: tuna umoja wa watu wanaosema Kiswahili, Watanzania, Wakenya, Wakongo. Tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa Jumapili baada ya ibada, tunazikana, tunaozeshana, tunagombana. Mwenyekiti wetu ni mzee wa Kitanzania aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili huko nyumbani. Hapa anafanya usafi kwenye ofisi, ila ukimkosea ngeli atakusahihisha hata msibani.

Kesho yake jioni akaja nyumbani, amevaa koti lake la suti. Akaomba karatasi. Akasoma. Akavua miwani.

"Mama Neema, hii ndiyo itakayosomwa kwa wazee wetu?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"'Pandeni.' 'Msiende.'" Alitamka kama mtu aliyeokota nywele kwenye wali. "Mtoto wa miaka kumi na tano anawaamrisha watu wazima kwa kipaza sauti? Pandeni, kama kuku? Hata shikamoo hakuna?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai.

Mama akaona aibu. Niliiona ikimpanda shingoni. Akasema, "Neema, mwanangu, kweli hii imekaa kikavu. Watu watasema mimi sikukufunza."

Nikasema kuna sekunde ishirini tu. Nilisema kwa sauti ndogo mno, na nilikuwa naliangalia sinia.

Mwenyekiti akacheka kwa upole. "Heshima haijawahi kumcheleweshea mtu safari, binti yangu."

Akatoa kalamu. Aliandika pale pale kwenye meza yetu, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Nayanakili kutoka kwenye daftari langu yote kama yalivyo:

"Shikamooni wazee wetu, na habari za saa hizi ndugu zetu vijana. Tunawaombeni radhi kwa usumbufu. Kwa heshima na taadhima, mnatangaziwa kwamba maji ya mto yanapanda. Tafadhalini sana, pandeni ghorofa za juu mara moja, wala msielekee mtoni. Hili ni jaribio tu."

Ni Kiswahili kizuri, sikatai. Mama alipiga makofi. Mimi nikagawa chai.

Ijumaa nikaenda kurekodi kwenye kiofisi kimoja chini karibu na mto. Kulikuwa na Carol, na fundi wa makamo mwenye miwani minene, mpole, ananiita love kama wanavyoita watu huku. Mbele yangu kuna kipaza sauti na kitaa chekundu. Kitaa kikiwaka, mashine inanasa. Kikizimika, basi.

Nilianza. Shikamooni wazee wetu.

Sauti ilitoka vizuri, hata mimi nilishangaa. Nilisoma taratibu kama Mwenyekiti alivyoagiza. Nilipofika "wala msielekee mtoni," kitaa kikazimika.

Nikamalizia, "Hili ni jaribio tu."

Niliyasema hayo maneno manne na kitaa kimeshazimika, wakuu. Nilikiona kwa macho yangu. Hakuna aliyekuwa anakiangalia isipokuwa mimi, Carol alikuwa anaandika kitu, na fundi kwake ni lugha ngeni, atajuaje pameishia wapi?

Fundi akaniuliza, "All good, love? All in?" Yaani, yameingia yote?

Nikasema yes.

Nikaaga, nikaenda kusubiri basi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sio kwamba sikuelewa. Nilielewa kabisa. Ila kusema hapana maana yake ni kuanza upya, wote wawili waniangalie, Carol aangalie saa yake, na mimi nieleze kwa nini lugha yangu ina salamu ndefu namna ile. Nikaona ni rahisi kukaa kimya. Nikajidanganya kwamba leaflet ya Kiingereza, kile kikaratasi cha tangazo ambacho manispaa wangegawa, itamaliza kazi, kila mtu ataambiwa siku na saa.

Na kweli leaflet zilipita kila mlango. Jaribio ni Jumamosi ya wiki iliyofuata, kati ya saa tano na saa sita mchana.

Hapa lazima nimlete Bibi Furaha.

Bibi Furaha ni Mkongo wa Bukavu, anaishi peke yake flat ya chini kabisa kwenye jengo letu. Hajui kusoma, Kiingereza chake ni thank you na no sugar. Barua zake zote nilikuwa namsomea mimi. Za hospitali, za nyumba, za umeme. Naenda kila Alhamisi baada ya shule, ananipa ndizi za kukaanga, nasoma, anasikiliza akiwa amefumba macho. Yeye ndiye mtu mzima pekee ambaye mbele yake sikuwa na aibu. Labda kwa sababu alikuwa amefumba macho.

Leaflet nilimsomea. Nikamwambia, "Bibi, Jumamosi kabla ya saa sita king'ora kitalia. Ni majaribio, usiogope."

"Sawa, mtoto yangu. Na weye ndiye utasema ndani?"

"Ndiyo Bibi."

Alicheka mpaka akajipiga paja. "Basi nitasikia. Sauti yako miye nitaijua."

Jumamosi ikanyesha. Sio manyunyu yale ya kawaida, mvua ya kweli, mpaka mifereji ya barabarani ikatapika. Saa tano ikapita kimya. Saa sita kimya. Tukasema wameahirisha. Mama akaenda zamu yake.

Kumbe kulikuwa na hitilafu ya umeme kwenye nguzo ya king'ora. Wakairekebisha, na badala ya kusubiri Jumamosi nyingine wakaona wamalize tu.

Saa tisa na robo kikalia.

Sijui niwaelezeje. Sauti inaanzia chini, inapanda, inaingia mpaka kwenye meno. Ikalia dakika nzima. Halafu Kiingereza, kikaisha na this is a test. Kisomali. Kivietinamu. Halafu mimi.

Nilikuwa kitandani. Nilijisikia nikiamkia estate nzima. Nikajisikia nikiomba radhi. Nikajisikia nikisema maji ya mto yanapanda, pandeni ghorofa za juu mara moja, wala msielekee mtoni.

Kisha ikawa kimya, mvua tu.

Wengi waliojua Kiingereza walishasikia kwamba ni jaribio. Jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Otieno, Mkenya, alitoka kwenye balcony akiwa na mwiko mkononi, anacheka, "Haki ya nani, king'ora cha Uingereza kimeniamkia! Marahaba, king'ora!"

Na mimi nikacheka. Nakiri. Kwa muda kama wa dakika mbili nilidhani imepita.

Halafu tukasikia mtu anapiga kelele kwenye ngazi.

Bibi Furaha alikuwa amesikia. Kwake saa za majaribio zilishapita, nje ni maji matupu, na sauti anayoijua imemwambia apande. Akachukua mkoba wake, ule wenye makaratasi yake ya ukimbizi na picha za wanawe, akaanza kupanda. Lift ilikuwa mbovu. Ngazi zetu ni za zege, ziko wazi upande mmoja, mvua inaingia. Alifika ghorofa ya pili. Aliteleza pale kwenye kona.

Nilimkuta amelala ubavu, ameushika mkoba kifuani usilowe. Hakuwa analia. Aliponiona akasema, "Panda, mtoto yangu. Panda, maji inakuja."

Nikamwambia, "Bibi, hakuna maji."

Akaniangalia.

Sitaki kuueleza ule uso.

Ambulance ilikuja, Mama Otieno akapanda nayo. Nyonga ilivunjika. Wakamfanyia upasuaji, wakamwekea chuma.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya ajabu. Upande mmoja nikawa mzaha. Kwenye kituo cha basi vijana wa estate wananikunjia mikono kifuani kama wanaamkia, "Shikamooni wazee wetuuu." Sokoni muuza mihogo ananiita Bi King'ora. Upande wa pili watu wazima wananong'ona nikipita.

Alhamisi ikaja barua ya manispaa kwa umoja. Mama alipewa nakala, akanipa nisome, kama kawaida. Walisikitika kwa ajali. Walisema ujumbe wa Kiswahili haukuwa kamili kutokana na kosa la tafsiri, na kwamba wameuondoa kwenye mfumo mpaka hapo watakapotoa taarifa nyingine. Kisomali kimebaki. Kivietinamu kimebaki.

Kosa la tafsiri. Tafsiri yangu ilikuwa na sekunde kumi na mbili, wakuu.

Jumapili baada ya ibada ukumbi ulijaa. Mwenyekiti akasimama na ile barua. Alianza na salamu ndefu, akamwombea Bibi Furaha, kisha akasema:

"Ndugu zangu, maandishi yalikuwa safi. Niliyapitia mwenyewe. Nimefundisha lugha hii maisha yangu yote. Tatizo halikuwa maandishi. Tatizo ni msomaji. Mtoto alikokota maneno, muda ukamwishia."

Vichwa vikageuka. Mama akawa anafunga na kufungua zipu ya mkoba wake.

Mama Otieno akanyoosha mkono, hakusubiri aruhusiwe. "Mwenyekiti, si ungemwachia mtoto maneno yake? Mafuriko hayabishi hodi."

"Mama Otieno, heshima haijamvunja mtu nyonga."

"Basi twende tukamuulize Bibi Furaha."

Watu wengine walicheka, wengine wakaguna. Mwenyekiti jasho likamtoka kwenye paji la uso, nikaona kwamba anaogopa. Hilo sikulitegemea. Mzee yule hana kitu kingine London zaidi ya kile Kiswahili chake.

Akaniita. "Neema, simama binti yangu. Sema ukweli mbele ya watu. Muda ulikwisha au haukwisha?"

Nilisimama. Nilikuwa na mambo mawili ya kusema. La kwanza, kwamba salamu zilikuwa zake. La pili, kwamba kitaa nilikiona. La kwanza lingenisafisha. La pili lingenimaliza. Na nilijua nikifungua mdomo kwa la kwanza, la pili litafuata nyuma.

Nikasema, "Samahanini."

Ukumbi ukashusha pumzi. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyesamehe. Mambo yakafungwa hapo. Wakahamia kwenye maandalizi ya Pasaka.

Nyumbani mama hakuvua hata koti.

"Kwa nini hukusema salamu ni zake?"

"Mama, na wewe uliniambia nizisome."

Ni mara ya kwanza maishani nimemjibu mama yangu. Hakunipiga, hakunigombeza. Alifungua meza ya kupigia pasi, akaanza kunyoosha sare yake ya kazi, ile ile, mbele na nyuma, mpaka ikaanza kunukia kuungua.

Nikafungua daftari niandike. Nikaandika tarehe. Nikaandika, "Leo Mwenyekiti amenionea." Nikaisoma. Wakuu, ilikuwa kweli na ilikuwa uongo. Hata kwenye daftari ambalo halisomwi na mtu yeyote, nilikuwa najitetea. Nikaukata ule mstari.

Jumatatu asubuhi sikwenda shule moja kwa moja. Nilipanda basi la hospitali nikiwa na uniform. Hazikuwa saa za kutembelea wagonjwa, nesi mmoja wa Kikenya mlangoni akaniuliza, "Wewe ni wa nani?" Nikasema wa Bibi Furaha. Akaangalia nyuma yake, akasema, "Dakika kumi, msichana. Matron asikuone."

Bibi alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Amepungua. Alifungua macho aliponisikia, na safari hii hakuyafumba tena.

Sikuamkia kwanza. Niliogopa nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Nikasema, "Bibi, nilijua. Siku ya kurekodi, taa ilizimika kabla sijasema ni jaribio. Niliona. Yule fundi akaniuliza kama yameingia yote, nikasema ndiyo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakoroga chai yake.

"Mwenyekiti alikuja jana jioni," akasema. "Alisema ulisoma mubaya."

"Sikusoma vibaya, Bibi. Nilinyamaza."

"Ju ya nini?"

"Niliona aibu."

Akarudia hilo neno polepole, aibu, kama analipima uzito. Kisha akageuza uso upande wa dirisha. Nilisubiri aniambie nimekusamehe, au aniambie toka. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili.

Akasema, "Miguu yangu iko na baridi."

Soksi zilikuwa kwenye droo. Nikapiga magoti nikamvalisha, mguu mzima kwanza, halafu ule mwingine, taratibu sana maana kila nikiugusa anavuta pumzi. Hakusema asante. Hakuniwekea mkono kichwani kama alivyozoea. Nilipomaliza alikuwa bado anaangalia dirisha.

Nikachukua begi langu, nikaenda kusimama kituo cha basi.

Hayo ndiyo yangu, wakuu. Nilichojifunza ni kichungu na hakina mapambo: aibu sio upole. Mimi nilikuwa nasifiwa mtoto mpole, mtoto ana adabu, na adabu yangu hiyo ikamlaza bibi wa watu kwenye ngazi. Mwenyekiti ana kosa lake, manispaa wana lao, siwatetei. Ila kati ya wote waliokuwepo, aliyejua kabla ni mimi peke yangu.

Naombeni mniambie ukweli, hata kama ni mkali. Na kama na wewe uliwahi kusema ndiyo huku unajua kabisa ni hapana, andika hapa chini ilikuwaje na ulifanya nini baadaye. Nitasoma zote mpaka ya mwisho. Kuwajibu kila mmoja siahidi, bado najifunza.